Kioo kizima, betri imekufa: uzoefu wangu na kifaa cha kusomea vitabu

Nianze na sifa, maana kinazistahili. Kioo chake cha wino wa kielektroniki hakichoshi macho, hata juani ufukweni Kigamboni unasoma vizuri. Kioo cha aina hii hula umeme pale tu ukurasa unapobadilika, kwa hiyo chaji ilikuwa ikikaa wiki kadhaa. Mgao wa umeme ulipopamba moto, mimi nasoma tu.

Baadaye wiki zikawa siku, siku zikawa saa. Mwishowe kinaonyesha chaji asilimia 40, ukifungua kurasa mbili tatu kinazima. Kioo hakina mkwaruzo, vitufe vinaitika, vitabu vyote vimo. Kilichochoka ni betri peke yake.

Betri kuchoka si ajabu. Nyingi za lithiamu, zikishachajiwa mizunguko 300 hadi 500 hivi, hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake, na joto letu hili la Dar halisaidii. Mtengenezaji analijua hilo kabla hajakifunga kwenye boksi. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: betri hatuuzi, kifaa hatufungui, ila tutakupunguzia bei ukinunua kipya. Kipya cha nini, wakati nilichonacho kinasomeka?

Nikaenda kwa fundi simu Kariakoo. Akakigeuzageuza, akacheka. "Sista, hiki hakina hata skrubu moja." Akapasha kingo kwa blowa, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki, mfuniko ukaachia kwa mlio ulionifanya nifumbe macho. Betri ilikuwa imelazwa kwenye gundi, imevimba kidogo katikati. Kuing'oa ndiyo shughuli: ukiitoboa inaweza kuwaka, na ukikikunja kidogo kile kioo chembamba kilicho upande wa pili, umeula wa chuya. Cha kuudhi zaidi, waya wa betri umechomekwa kwa plagi ndogo tu, unachomoka kwa kucha. Kubadilisha ni kazi ya dakika. Gundi ndiyo iliyokula mchana wa watu.

Betri tuliagiza China. Inafanya kazi, chaji inakaa tena, ila mfuniko haukurudi sawasawa. Upande mmoja una mwanya, vumbi linaingia.

Na asiniambie mtu kwamba haiwezekani kutengeneza tofauti. Kindle ya kwanza kabisa, kifaa cha kusomea cha kampuni ya Amazon, ya 2007, ilikuwa na mfuniko wa nyuma wa kufungua kwa mkono, betri unabadilisha mwenyewe. Toleo la 2009 likaja limefungwa. Mwaka 2024 Kobo, watengenezaji wengine wa vifaa hivi, walitoa matoleo mapya wakashirikiana na iFixit, kampuni inayosaidia watu kujitengenezea vifaa, kwenye vipuri na maelekezo ya ufundi. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni yake ya 2023, unataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ukiacha vichache vilivyosamehewa. Wakibanwa, wanaweza.

Kwa kusoma nakipa nyota tano. Kwa kudumu, moja, na hiyo moja ni ya fundi. Ukiuziwa cha mtumba, usidanganyike na usafi wa kioo: kiache kimewaka taa ya mbele, ile inayomulika kioo, huku mkipatana bei, uone asilimia zinavyoshuka.