Arabuko-Sokoke: lenzi ya kamera ya milimita 100–400 au makro (lenzi ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu) ya 100?
Katika msitu huu wa pwani ya Kenya, lenzi ya kuvuta, ile ya 100–400, humfikia ndege aliye juu mtini bila kumkurupusha. Lakini nyingi, zikifika milimita 400, huishia kwenye tundu la mwanga la f/5.6, yaani robo tu ya mwanga wa makro ya f/2.8, na chini ya miti hilo ni pigo. Makro huonyesha hata magamba ya bawa la kipepeo, ila hukudai usogee hadi sentimita 15 hivi, na kereng'ende hasubiri. Kwa kawaida makro ni nafuu zaidi. Unyevu huziotesha ukungu zote mbili. Mfuata ndege achukue ya kuvuta. Anayeinamia majani asubuhi, wadudu hawajachangamka, achukue makro.