Kipaji chenye ukorofi au utulivu wa wastani?

Mchezaji mwenye kipaji lakini mkorofi anaweza kuipa timu ubingwa: Eric Cantona alijiunga na Manchester United Novemba 1992, na msimu huohuo klabu ikatwaa taji la ligi ambalo ilikuwa imelisubiri kwa miaka 26. Hata hivyo, Januari 1995 alimrukia shabiki kwa teke, akafungiwa hadi mwisho wa Septemba, na United ikalikosa taji kwa pointi moja tu, pengo chungu mno. Mchezaji mtulivu wa kiwango cha wastani hana gharama hiyo, ila ni nadra kuifungua mechi iliyokwama. Binafsi ningemsajili mkorofi, mradi kocha awe na mamlaka ya kumweka benchi bila kuingiliwa na viongozi. Pasipo mamlaka hayo, ningemchukua mtulivu bila kusita.