Faneli ya kujazia oili: tazama shingo kwanza

Jumamosi iliyopita Corolla 110 yangu ilifuka moshi mpaka jirani akatoka mbio na ndoo ya mchanga. Haikuwa inaungua. Nilikuwa nimeongeza oili nusu lita kwa faneli mpya ya elfu 3, na nilipowasha injini nikagundua sehemu kubwa ya oili hiyo imelala juu ya menifoldi ya ekzosi, lile bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini.

Gari langu linakula oili, wanaonisoma mnajua. Kumpigia fundi kila wiki mbili kwa kazi ya dakika tano siwezi, kwa hiyo najaza mwenyewe, na faneli naishika mara nyingi kuliko jeki.

Dukani watakusifia upana wa mdomo, rangi, na kile kichujio cha waya. Kichujio achana nacho: oili ya kopo lililofunguliwa leo haina mchanga, na oili nzito kama 20W-50 ikikutana na ule waya inapita kama asali. Wewe ipindue faneli utazame shingo. Kwa nje ina mifereji au mistari iliyoinuka? Kama ni laini na mviringo kama karoti, irudishe.

Hakuna muuzaji atakayekwambia hili. Oili ikiingia, hewa iliyomo lazima itoke. Injini yenye afya inapumulia kwenye mpira wake wa kutolea hewa. Injini zee, ambayo mpira huo umeziba kwa tope la oili, hewa yake inarudi kwenye tundu lile lile unalojazia. Shingo laini ikikaba tundu, oili inasimama, unadhani inashuka taratibu, unaongeza kidogo, kisha bwu! Imekurukia. Kwa injini ya 5A-FE kama yangu, menifoldi iko mbele, upande wa rejeta, na plagi zimezama kwenye mashimo juu ya kava. Oili isipounguzwa na menifoldi inatuama kwenye mashimo ya plagi. Mimi nilipata vyote viwili siku moja.

Namba moja kwangu ni Lisle, Wamarekani wa Iowa, wala sijifichi kwamba nawapendelea. Wana faneli zinazofungwa pale penye mfuniko wa oili, kwa hiyo inasimama yenyewe na mikono yako yote miwili inabaki kwenye kopo. Njia yake ni pana; ukimimina kidogo kidogo hewa inapata pembeni pa kutokea. Kuna za aina tofauti kwa injini tofauti, hivyo linganisha na mfuniko wako kabla ya kulipa. Kuipata Dar ni shughuli. Yangu ilikuja ndani ya sanduku la shemeji, na alinikumbusha uzito wake mara tatu.

Namba mbili ni faneli yoyote ya plastiki ngumu yenye mistari shingoni na mpira unaopinda. Nenda dukani na mfuniko wako wa oili mfukoni, uone kama shingo itaacha nafasi.

Za bati, na chupa ya maji iliyokatwa kitako: zinafaa ukikwama njiani. Basi.

Ukishakuwa na faneli, kopo la lita 1 lilaze ubavu, mdomo wake ukae upande wa juu, ndipo uinamishe. Hewa inaingia kopo likimimina, halikoromi. Mimina robo lita, subiri, pima kwa dipstiki gari likiwa sehemu tambarare. Kwenye gari dogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja tu, na wengi humwaga kopo zima bila kupima.

Sasa huyu muuzaji wa ile faneli ya elfu 3. Kwanza alinitajia elfu 12, akaona funguo mkononi mwangu, ikawa elfu 15. Nikageuka kuondoka, ikashuka mpaka elfu 3, "orijino hiyo dada, ya Japani." Chini ya faneli hakuna hata neno moja lililoandikwa. Nilipoirudisha akaniambia, "Ungemwachia shemeji akujazie." Pesa hakurudisha. Nimeiosha, sasa natilia mafuta ya taa kwenye jiko la mchina.