Uzoefu Wangu na Fundi Umeme wa Mtwara: Taa ya Breki ya Canter ya Mwaka 1996

Ninamiliki Mitsubishi Canter ya mwaka 1996, nayo ina misimu miwili ya kazi. Korosho zikianza kukusanywa hubeba magunia kutoka vijiji vya Tandahimba na Newala hadi kwenye maghala ya Mtwara, na msimu ukiisha hugeukia chumvi ya mashamba ya pwani ya Lindi. Ninaitaja chumvi mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kugundulika kuwa mwanzo wa tatizo zima, ingawa ilinigharimu miezi miwili na globu nne kulifahamu hilo.

Taa ya breki ya upande wa kulia ilianza kufifia mwezi wa nane. Dereva wangu aliambiwa na wenzake waliokuwa wakimfuata kwamba upande mmoja unawaka vizuri na mwingine unawaka kama kibatari, na kwamba usiku, taa zote zikiwa zimewashwa, akikanyaga breki upande ule unazidi kufifia badala ya kung'aa. Gari linaloteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Masasi likiwa na mzigo haliwezi kuachwa katika hali hiyo, kwa kuwa anayekufuata hana njia nyingine ya kujua kwamba umepunguza mwendo. Kabla sijachukua hatua, askari wa usalama barabarani alitusimamisha karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja akaandika faini ya shilingi 30,000. Sikuwa na la kumjibu, maana taa ilikuwa mbovu kweli.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alifanya lile ambalo wengi hulifanya: alifungua kava la taa, akatoa globu, akaweka nyingine, akapokea fedha yake. Taa ikawaka vizuri kwa siku mbili, pengine kwa sababu kule kuichokoa soketi kulikuwa kumekwangua kutu kidogo, kisha ikarudi kufifia. Akabadilisha tena, na tena. Mara ya nne alinitoza shilingi 6,000 kwa globu ambayo iliwaka kwa mwanga mkali mweupe kwa muda mfupi sana kisha ikazima na kioo chake kikawa cheusi. Baadaye nilielezwa kwamba ile ilikuwa globu ya volti 12, ilhali Canter yangu hutumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Anayenunua globu za gari la aina hii asome maandishi yaliyochongwa kwenye kitako chake kabla ya kutoa fedha: inayotakiwa ni ya volti 24, yenye wati 21 kwa 5, yaani nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, ule wa wati 21 kwa ajili ya breki na ule wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo ya usiku. Vichomozi viwili vya kitako havilingani kimo ili globu isiweze kuingia kinyume, kwa hiyo ukimwona fundi anaisukuma kwa nguvu, mzuie.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwenye lori mwenzangu. Ni kijana anayefanya kazi chini ya mwembe pembeni mwa mji wa Mtwara, hana kibao wala ukuta, na siku ya kwanza nilisita kumwachia gari. Aliponisalimia, hakuuliza globu iko wapi. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, ukikanyaga breki mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, taa za dashibodi zinafanya nini?" Sikuwa nimewahi kuangalia. Akaniomba nipande mwenyewe nikanyage pedeli, na kweli, mishale ya dashibodi iliangazwa na mwanga hafifu mwekundu ambao haukuwa na sababu ya kuwapo. Hapo akatabasamu, akasema, "Globu haina ugonjwa. Umeme unakwenda vizuri, ila unapotea njia ya kurudi."

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonishawishi kuandika haya. Umeme ukishapita katika globu lazima urudi kwenye hasi ya betri, na katika gari njia hiyo ya kurudi ni chuma cha bodi na chesisi chenyewe, ambacho mafundi hukiita ethi. Waya mfupi wa ethi wa taa yangu ya kulia ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma chini ya bodi, mahali hasa ambapo maji ya chumvi hudondokea kutoka kwenye magunia yenye unyevu. Kutu ilikuwa imeingia kati ya waya na chuma. Umeme wa breki ulipokosa njia yake, ulipita katika uzi mwembamba wa taa ndogo iliyo katika globu hiyo hiyo, ukaingia kwenye mzunguko wa taa ndogo ambao ndio unaolisha pia taa za dashibodi, ukatafuta hasi kupitia huko. Ndiyo maana dashibodi iliwaka bila kuwashwa. Na usiku, taa ndogo zikiwa tayari zina umeme wake, njia hiyo ya kuazima nayo ilizibwa, hivyo taa ya breki ikazidi kufifia.

Hakuishia kwenye maneno. Aliunganisha waya mrefu kutoka kwenye hasi ya betri hadi kwenye chuma cha taa, nikakanyaga pedeli, na taa ikawaka kama mpya. Kisha akatoa multimita akapima kati ya chuma cha taa na hasi ya betri huku nimekanyaga breki: ilisoma volti 9, mahali ambapo alisema hata volti moja ni nyingi. Akapima pia chaji injini ikiwa inanguruma, akapata volti 27.8, ili kuhakikisha kwamba oltaneta, yaani mashine inayochaji betri, haizidishi umeme na kuunguza globu. Utingo wangu, ambaye hatupi kitu, alikuwa amezihifadhi zile globu nne kwenye sanduku la spana. Fundi alizijaribu moja moja kwenye betri. Tatu zilikuwa nzima kabisa. Nilicheka, lakini si kwa furaha.

Kazi yenyewe ilichukua sehemu kubwa ya siku. Alikata kipande chote cha waya kilichokuwa na unga wa kijani ndani ya mpira wake, akavuta waya mpya wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye chesisi, akakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha akapaka grisi juu yake ili unyevu usiingie tena. Soketi aliibadilisha kwa sababu springi yake ilikuwa imelika. Katika kupitia njia ya umeme aligundua jambo lililonitisha kuliko taa: mtu fulani alikuwa ameondoa fyuzi ya taa za breki na kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pake, kwa hiyo kama waya ungegusa chuma popote, kingeungua kitu kingine kabla ya shoti kukatika. Alirudisha fyuzi ya saizi yake. Mwisho alilegeza nati ya swichi iliyo juu ya pedeli na kuisogeza milimita chache, maana taa zilikuwa zikichelewa kuwaka mpaka pedeli ishuke sana. Alionya kwamba ikisogezwa kupita kiasi taa hubaki zimewaka muda wote na betri huamka zikiwa tupu.

Nililipa shilingi 25,000 za ufundi na shilingi 14,000 za vifaa. Nikilinganisha na nilichokwisha kukitupa kwa fundi wa kwanza pamoja na faini, bei hiyo sina ugomvi nayo.

Hata hivyo huduma yake si kamilifu. Aliniambia nifike saa mbili asubuhi, na yeye akafika saa nne. Risiti hatoi, jambo ambalo kwa mtu anayeweka hesabu za gari la biashara ni usumbufu. Waya mpya aliuacha bila kuuvika bomba la plastiki, akaufunga kwa tepu tu, na baada ya safari chache za barabara ya vumbi ya vijijini Tandahimba tepu ilianza kuachia, ikabidi nirudi. Aliufunika bila malipo, lakini baada ya mimi kumkumbusha.

Pia alinishawishi ninunue jozi ya globu za LED nyekundu kwa shilingi 16,000. Ubora wake ni kwamba huwaka papo hapo, wakati globu ya uzi huhitaji takriban robo ya sekunde kufikia mwanga wake kamili, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa robo ya sekunde ni zaidi ya mita tano. Lakini moja ilikufa baada ya miezi miwili, nikarudia za uzi ambazo hupatikana hata Newala. Mwenye kutaka za LED achague nyekundu, kwa kuwa nyeupe nyuma ya kava jekundu hutoa rangi ya waridi iliyofifia.

Tangu kazi hiyo gari limepita msimu mzima wa mvua, na taa ya kulia haijafifia hata mara moja. Sasa utingo ana jukumu la kutandika turubai chini ya magunia ya chumvi na kuosha chesisi kwa maji yasiyo na chumvi kila tunaposhusha mzigo. Wiki iliyopita nilikanyaga breki mchana na kuziona taa za dashibodi zikiangaza tena, kidogo sana. Safari hii ni upande wa kushoto, na nimekwisha kumpigia kijana yule. Amesema nifike saa mbili.