Kozi ya usalama wa bastola Arusha: 350,000 na bado mtutu ukapita tumboni kwa mama wa watu

Nilisema ngoja hasira zipoe ndo niandike. Hazijapoa, kwahiyo naandika hivyohivyo. Hii ni kozi ya siku moja ya usalama kwa sisi wenye bastola zetu kihalali ambao wikiendi tunapenda kwenda kulenga shabaha, inafanyika nje kidogo ya Arusha, jina sitaji, wenyewe wanajijua. Tulitoka Moshi mimi na shemeji yangu alfajiri, kile kipindi cha baridi kali cha katikati ya mwaka, kilomita 80 na ushee mpaka mjini halafu vumbi mpaka huko kwao, tukiwa na moyo mweupe kabisa wa kujifunza.

Bei ni 350,000 kwa kichwa. Risasi juu yako na unazinunua palepale kwa bei yao, miwani unakodi, vya kuzibia masikio unakodi, na vile nilivyopewa mimi sponji ya upande mmoja ilikuwa imechanika imezungushiwa selotepu. Sasa mtu anayejua kidogo tu anaelewa kwamba mlio wa bastola ya 9mm unafika desibeli 160 hivi, na kuanzia 140 sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja tu, halafu unanipa selotepu. Nikanyamaza, nikasema labda hela yote wameiweka kwenye ualimu.

Na niseme ukweli kuhusu hiyo bei maana najua wengi ndo wanapokwamia hapo. Jamaa zangu wenye leseni ukiwaambia kozi ya laki tatu na nusu wanakuangalia kama umewatukana. Mtu kahangaika na makaratasi kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka polisi, kanunua bastola kwa mamilioni, leo umwambie alipe tena afundishwe kuishika? Anakujibu "mi nimepita mgambo." Sawa umepita mgambo, ulishika SMG, na bunduki ndefu ukigeuka nayo kila mtu anaiona inavyogeuka. Bastola inageuzwa na kiganja tu. Unaitwa jina, unageuza shingo, mkono unafuata, tayari umeshamwelekezea mtu kifuani na wala hujui. Kwahiyo mi hela sikuionea uchungu hata kidogo wakati natoa. Hilo naomba lieleweke vizuri kwa sababu huko ofisini kwao waliniambia eti nalalamika kwa sababu ya hela.

Asubuhi tulifundishwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, wote tukawa tunamwita afande. Jamani yule mzee ni mwalimu. Muda mrefu tu hatukugusa risasi hata moja. Alianza na zile kanuni nne ambazo Jeff Cooper, yule Mmarekani aliyefungua shule yake ya bastola kule Arizona mwaka 1976, ndiye aliyezieneza: kila silaha ihesabu ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kisiingie kwenye triga mpaka umeshalenga na umeamua, na ujue unachopiga na kilichoko nyuma yake. Akatuambia risasi ya 9mm ukiikosesha kile kichuguu cha mchanga inaenda zaidi ya kilomita nzima, na huko mbele kuna watu wanapalilia mahindi.

Halafu akaja kwenye kuhakikisha bastola haina kitu, na hapa alikaa sana na sikuelewa kwanini mpaka baadaye. Magazini kwanza, lile kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, ndo ukoki, yaani uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu ya bastola. Ukikoki kwanza risasi ya chemba, ile iliyokaa tayari nyuma ya mtutu, inaruka ndio, lakini slaidi ikirudi inabeba nyingine kutoka kwenye magazini inaipandisha, halafu wewe unachomoa magazini unaona mkono umeshika chuma kitupu unajiambia imeisha, kumbe umeilaza moja ndani mwenyewe. Akawa anamfuata mmoja mmoja, utoe magazini, ukoki, slaidi uishikilie nyuma, uangalie, halafu uingize kidole kidogo kwenye chemba ukaguse. "Macho yanadanganywa, kidole hakidanganywi." Na akatuambia wenye Glock tuwe makini mara mbili, kwa sababu haina ile sefti ya kusukuma kwa dole gumba, sefti yake ni kale kaulimi kwenye triga yenyewe, na ukitaka kuifungua uisafishe lazima uvute triga kwanza, kwahiyo aliyesahau moja kwenye chemba anajipiga sebuleni kwake akiwa na kitambaa na mafuta mkononi.

Kuna na mengine aliyotupa sijawahi kuyasikia kwa mtu. Ganda la moto likikuingia kwenye kola usirukeruke, acha likuunguze, weka kwanza bastola mbele, maana watu wanageuka na silaha wakiwa wanajipapasa shingo. Ukisikia mlio hafifu kama puf, simama hapohapo usipige nyingine, huenda risasi imekwama ndani ya mtutu na ya pili itaupasua. Ukivuta triga na isilie, iache inaangalia mbele uhesabu taratibu mpaka thelathini kabla hujaigusa. Kwa asubuhi ile peke yake ningewapa alama zote, na nilimwambia shemeji hii hela imerudi.

Tukaenda chai. Maandazi na chai ya maziwa, hakuna maji ya kunawa wala sabuni. Mikono imetoka kushika risasi na maganda, ina madini ya risasi, ile sumu ya lead yenyewe, na unaambiwa karibu andazi. Mzee ndiye aliyetukataza, akatoa maji kwenye dumu la gari lake tukanawa. Maji ya kwake, kwenye gari lake.

Basi tukiwa hapo zikaingia gari mbili, kundi la watu wa kupiga risasi chache na picha, na inaonekana hao wanalipa vizuri kuliko sisi, maana mwenye eneo alikuja akamchukua mzee katikati ya darasa letu akampeleka kule upande wa pili akawahudumie. Sisi tuliolipia kozi ya usalama tukaachiwa msaidizi. Kijana wa kama miaka ishirini na kitu, miwani ya jua, simu mfuko wa nyuma.

Darasani tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ana biashara ya madini, mpole, alikuwa anauliza maswali mazuri kuliko sisi wote. Glock yake ikagoma, ganda limenasa kwenye slaidi. Dogo akaichukua, ganda akalitoa vizuri, hapo sina neno. Halafu akasema anatuonyesha namna ya kuhakikisha iko tupu. Akavuta slaidi, risasi ikaruka, akaiachia slaidi ikajipiga mbele, ndipo akachomoa magazini. "Haina kitu hii."

Mi nikahisi damu imesimama. Kabla sijasema kitu akatugeukia kutueleza, anaongea na mkono uleule wenye bastola, kidole kimo ndani kwenye triga, na ule mtutu ukatoka kwenye mchanga ukaja mezani, ukapita tumboni kwa yule mama, ukaja ukatulia usawa wa goti la shemeji yangu. Pale goti la shemeji na mtutu hapakuwa na hata hatua mbili.

Nikamwambia, dogo, geuza mbele, hiyo ina risasi.

"Mzee, magazini hii hapa mkononi, risasi itoke wapi?"

Umekoki kabla hujatoa magazini. Angalia chemba.

"Wewe umeanza kushika bastola lini? Hapa mwalimu ni nani?"

Shemeji yangu ni mtu asiyeongea, akasema neno moja tu, "chemba", kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Dogo akasonya, akavuta slaidi. Ikatoka. Risasi nzima, ikadunda kwenye meza ikabingirika mpaka ukingoni ikaanguka kwenye changarawe pembeni ya kiatu cha yule mama. Mama akaiangalia, akasema "Yesu wangu", akakaa chini.

Nilitegemea aombe radhi. Hata neno samahani kidogo tu lingenitosha, naapa, kuteleza kupo na mtu akikiri anafundishika. Alichosema ni hiki: "Si imetoka sasa? Kuna mtu amekufa?"

Hilo neno ndo limenifanya niandike yote haya. Kuna mtu amekufa! Kwahiyo kipimo cha usalama ni maiti? Tumelipa ili tufike mahali ambapo hilo swali haliulizwi, na anayeuliza ndiye mwalimu!

Nikaenda ofisini. Sikuomba hela, niliomba mzee arudishwe darasani. Dada wa mapokezi akanijibu bila kuinua macho, "Mzee yuko na wageni, na kozi ikishaanza hela hairudi kaka." Nikamwambia dada yangu sijataja hela, nimekwambia kuna bastola yenye risasi imeelekezwa kwa watu. Akasema atamfikishia bosi. Bosi alikuwa nje pale anawapiga picha wale wageni.

Tangu hapo kila kitu kilinikera, pengine nawaonea kwa mengine lakini naandika nilivyoona. Choo kibovu. Mchana tulipiga risasi zetu bila mtu kutuangalia mshiko wala nini, dogo yuko kwenye simu. Jioni wakagawa vyeti kwa wote, hakuna mtihani, hakuna kuulizwa hata zile kanuni nne, na kuna mwenzetu asubuhi yote alikuwa nje anaongea na simu, kapewa cheti kilekile chenye muhuri. Sasa huyo kesho anaenda nacho uwanjani kwingine anasema nimefuzu, mimi nasimama pembeni yake nikiamini. Hapo ndo niliposema hii kozi haina thamani hata ya elfu kumi, kwa sababu asiyefundishwa kabisa angalau anaogopa, huyu wa cheti haogopi tena.

Lakini nimekaa nyumbani nimejikuta nashindwa kuishikilia hiyo kauli. Shemeji siku hizi akitoa bastola kwenye sanduku lake anaanza na magazini, kidole kwenye chemba, anamwonyesha na aliye karibu naye aangalie. Zamani alikuwa anaiweka mezani tu na funguo za gari. Hiyo ni kazi ya yule mzee, asubuhi moja tu. Na mimi niliweza kuona kosa la dogo kwa sababu mzee alikuwa ametoka kulifundisha, bila yeye ningekuwa natikisa kichwa tu kama wengine. Kwahiyo ukiniuliza kama 350,000 ni nyingi kwa mafunzo ya usalama, nakwambia hapana, kwa yule mzee natoa laki tano nikiwa nacheka na risasi nanunua mwenyewe. Ukiniuliza kama uende pale, sikushauri, kwa sababu hulipi kwa mzee, unalipa kwa mwenye eneo, na yeye siku yoyote zikiingia gari mbili za wageni anakuachia dogo. Kama ni lazima uende basi kabla hujatoa hela uliza nani atasimama mstarini tangu asubuhi mpaka jioni, wakiuma maneno panda gari urudi.

Juzijuzi wamenitumia ujumbe WhatsApp, eti kwa kuwa tulipata usumbufu tunapewa punguzo la nusu kwa kozi ya pili. Nimewajibu punguzo sitaki, nitakuja kwa bei kamili siku dogo yule atakapokuwa ameketi kwenye benchi la wanafunzi na mzee ndiye anafundisha, na yule mama awe ameshapigiwa simu ya kuombwa radhi. Nimeongea na huyo mama jana, hajapigiwa.