Squoosh kwa picha za tovuti: uzoefu wangu, na kanga kama kipimo

Zana ya kubana picha naipima kwa kanga. Pindo lina madoa madogo yanayojirudia, mji una rangi nzito, na jina lina herufi zenye kingo kali. Ukiibana vibaya, jina ndilo linaloumbuka la kwanza. Kwa hiyo Squoosh nitaieleza kwa picha hiyo hiyo: kanga ya duka la mtandaoni, piseli 4000 kwa 3000 kama ilivyotoka kwenye simu, inayokwenda kutazamwa na mteja anayehesabu bando.

Squoosh ilitolewa mwaka 2018 na timu ya Chrome ya Google. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na unaifungua kwenye kivinjari kwa anwani ya squoosh.app. Kazi yote inafanyika kwenye kompyuta yako kwa WebAssembly, teknolojia ya kuendesha programu nzito ndani ya kivinjari. Picha haipandishwi kwenye seva ya mtu. Ukishaifungua mara moja, inafanya kazi hata mtandao ukikatika. Kwa bidhaa ambayo mteja bado hajaitangaza, hilo peke yake linanitosha.

Kosa la kwanza ni kukimbilia kitelezi cha ubora. Mtu anaburuta picha, anashusha ubora hadi 30, anapata faili dogo na picha mbovu. Anza na vipimo. Washa Resize (badilisha vipimo) upande wa kulia. Simu yenye upana wa piseli 360 za CSS (zile ambazo ukurasa unapimiwa) na kioo chenye msongamano wa 2, yaani piseli halisi mbili kwa kila moja ya hizo kwenye upana, inahitaji picha ya piseli 720. Msongamano wa 3, piseli 1080. Njia ya kupunguza vipimo, Lanczos3, iache ilivyo. Ukitoka 4000 kwenda 1080 umeshaondoa zaidi ya asilimia 90 ya piseli, na ubora hujaugusa.

Faida yake haiishii kwenye bando. Kivinjari kikishaifungua picha, kinaiweka kwenye kumbukumbu kwa baiti 4 kila piseli. Picha ya 4000 kwa 3000 inakula megabaiti 48 hata kama faili lake ni la kilobaiti 200. Zikiwa kumi kwenye ukurasa mmoja, simu yenye RAM ndogo inaanza kusuasua, na hapo kubadilisha fomati hakusaidii kitu.

Sasa ndiyo uje kwenye ubora. Chagua MozJPEG (inayotoa faili la JPEG), acha 75, weka ukuzaji kwenye asilimia 100, kisha vuta ule mstari wa katikati, unaotenganisha picha asili na iliyobanwa, polepole juu ya jina la kanga. Hapa ndipo Squoosh inapozishinda zana nyingine nilizozoea: unaona kwa macho yako kile unachokipoteza, na chini unaona faili limepungua kwa asilimia ngapi. Kama herufi nyekundu zinavujia kwenye nyeupe, usikimbilie kupandisha ubora hadi 90. Mara nyingi tatizo ni rangi. Mwanga unatunzwa kwa kila piseli, lakini rangi inachukuliwa moja kwa kundi la piseli nne, na nyekundu iliyokolea ndiyo inayoonyesha aibu hiyo. Fungua Advanced settings, ondoa tiki kwenye Auto subsample chroma, weka 1. Faili litaongezeka uzito kiasi, lakini kingo zitasimama. Kwenye AVIF, fomati mpya zaidi ya picha, chagua rangi itunzwe kwa kila piseli (4:4:4). Fomati ya WebP ya kawaida haina nafasi hiyo, daima ni 4:2:0, yaani rangi moja kwa piseli nne. Chaguo la Sharp RGB to YUV linapunguza uvujaji tu, haliumalizi. Ndiyo maana kwa vitambaa vyenye maandishi WebP siipi nafasi ya kwanza.

Namba za ubora usizilinganishe kati ya fomati na fomati. 75 ya JPEG si 75 ya AVIF. Kila moja ina mizani yake, jicho ndilo liamue. AVIF hutoa faili jepesi zaidi, ila ina tabia ya kulainisha: nyuzi za kitambaa zinapotea na kanga inaonekana kama plastiki. Na ukipandisha Effort, kompyuta ya kawaida itakusubirisha.

iPhone zilizobaki chini ya iOS 16 hazifungui AVIF, kwa hiyo kwenye HTML ya ukurasa JPEG lazima iwepo nyuma yake:

<picture>
  <source type="image/avif" srcset="kanga-720.avif 720w, kanga-1080.avif 1080w" sizes="(min-width: 800px) 33vw, 100vw">
  <img src="kanga-720.jpg" width="720" height="540" alt="Kanga nyekundu yenye pindo jeupe">
</picture>

Ukisahau sizes, kivinjari kinadhani picha inajaza upana wote wa kioo. Kwenye kompyuta yenye safu tatu za bidhaa kitavuta faili kubwa bure. Ukiweka source ya WebP juu ya AVIF, AVIF haitaguswa kamwe, kwa sababu kinachukuliwa cha kwanza kinachofunguka. width na height zinazuia ukurasa kuruka picha inapotua, lakini kwenye CSS ziambatane na max-width: 100% na height: auto, la sivyo kanga inavutika kama mpira. Na picha kubwa ya juu kabisa usiipe loading="lazy". Lengo la Google ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, nawe unakiambia kivinjari kisiwe na haraka.

Udhaifu wa Squoosh ni mmoja, lakini mkubwa: picha moja kwa wakati mmoja. Toleo lake la kuendeshwa kwa amri liliachwa. Duka likiwa na picha 200, ninaitumia kutafuta mipangilio kwa picha mbili tatu ngumu, kisha zinazobaki nazipitisha kwenye amri. Kwa picha zisizo na maandishi, cwebp, programu ya amri inayotengeneza WebP, inafaa:

cwebp -q 75 -resize 1080 0 kikapu.jpg -o kikapu-1080.webp

Hiyo 0 inatunza uwiano wa urefu na upana. Angalizo: cwebp haisomi alama ya EXIF (taarifa ambazo simu inaziandika ndani ya faili la picha) inayosema simu ilishikwa wima, na alama yenyewe inaitupa, kwa hiyo picha nyingine zitatoka zimelala. Zigeuze kwanza. Squoosh inazigeuza yenyewe, na huku inafuta taarifa za mahali picha ilipopigwa.

Kabla ya yote hayo, tazama upande wa kushoto, yaani picha asili. Kama tayari ina vijiboksi kuzunguka herufi, imeshabanwa njiani, pengine kwenye WhatsApp. Funga, uombe itumwe tena kama Document.