Uzoefu wangu na Bluey: katuni iliyonirudisha uwanjani

Asubuhi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku, macho yanawasha, nikawakuta mabinti zangu wawili sebuleni wanatazama Bluey. Nikakaa ukingoni mwa kochi nivue viatu nikalale. Kipindi kilipokwisha viatu vyote viwili vilikuwa bado miguuni. Mkubwa akaniambia, "Baba, kuna kingine." Nikabaki.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Nimetazama karibu sehemu zote, nyingine mara kumi na zaidi, na kuna siku nimeiwasha peke yangu watoto wakiwa shuleni. Naandika kwa wazazi wenzangu, hasa walio ughaibuni kama sisi, wanaojiuliza kama kuna haja ya kukaa na watoto mbele ya katuni hii au wawaachie tu wakaendelee na kazi za jikoni. Mimi nasema kaa nao.

Kwa asiyeijua, ni familia ya mbwa wanaotembea kwa miguu miwili na kuishi kama watu. Katuni inapoanza Bluey ana miaka 6, mdogo wake Bingo ana miaka 4. Baba yao, Bandit, ni mwanaakiolojia. Mama yao, Chilli, anafanya kazi ya ukaguzi uwanja wa ndege. Aliyeibuni ni Joe Brumm, baba wa mabinti wawili, na inatengenezwa hapa Brisbane, Australia, na studio inayoitwa Ludo. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018 kwenye televisheni ya taifa, ABC. Kila sehemu ina dakika 7 hivi, yaani inakwisha kabla chai haijapoa.

Sisi tunaishi huku huku Brisbane, na hilo lilinivuta mapema. Nyumba ya akina Bluey ni zile za mbao za jimbo letu la Queensland, zimeinuliwa juu ya nguzo na zina veranda. Naziona kila siku nikienda kazini. Popo wakubwa wanaoruka jioni wamo. Mijakaranda imo pia. Mimi ni mtoto wa Arusha, na Arusha mwezi wa kumi na wa kumi na moja barabara zinatandikwa maua ya zambarau, mwezi ule ule yanapoanguka hapa. Nilipoiona rangi ile kwenye katuni nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone.

Mbwa wenyewe walileta maneno kidogo. Bluey na mama na baba yake ni wa jamii ya mbwa wa Australia waliozoezwa kuswaga ng'ombe, lakini mama yangu alipoona picha kwenye simu aliuliza kwa nini mbwa amelala kitandani na kujifunika shuka. Kwetu mbwa hulala nje, analinda. Nikamweleza kuwa ni hadithi tu, kama za sungura na fisi alizotusimulia yeye mwenyewe. Hapo akaelewa, akauliza fisi wa hawa ni nani. Nilifikiri sana. Bluey haina fisi. Hakuna mwovu. Tatizo la kila sehemu ni lile lile la nyumbani kwako: nani aanze, nani amezidi, mama amechoka, mtoto hataki kulala.

Sasa nije kwenye kilichonishika hasa.

Nilikulia kwenye nyumba za kupanga, uwanja mmoja, familia tano. Tulicheza kombolela, gololi, magari ya waya. Dada zangu walicheza rede na kujipikilisha kwa makopo. Hadithi zilikuwa za bibi, usiku. Baba yangu alikuwa seremala, na kengele ya baiskeli yake ikisikika pale kona, kombolela ilivunjika. Kila mmoja alijua pa kusimama: huyu apokee baiskeli, yule alete maji ya kunawa. Sikumbuki baba akicheza nasi hata siku moja, na sikumbuki kuona kuna kilichopungua. Alitupenda kwa kazi ya mikono yake, na uwanja ulikuwa umejaa watoto. Wa nini tena mtu mzima?

Hapa uwanja huo haupo. Tuna kipande cha majani nyuma ya nyumba, uzio pande tatu, na watoto wawili. Ili mwanangu acheze na mwenzake inabidi nimwandikie mzazi ujumbe wiki moja kabla, tukubaliane saa ya kuja na saa ya kuondoka. Kwa hiyo watoto wa jirani, binamu, mashangazi, bibi wa hadithi, wote wale wametuangukia mimi na mke wangu. Na mimi kucheza na mtoto sikufundishwa. Nilijua kulisha, kuvisha, kulipa ada, kukemea. Binti yangu akinivuta mkono na kusema "tucheze", nilikuwa nampa simu.

Bandit ndiye aliyenionyesha. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya katuni, watoto wana zailofoni ya kichawi, ile ala ya vibao vya kugonga: ukimpigia mtu, anaganda. Bandit anapigiwa, anaganda. Hata likija jambo la kumwaibisha, amesimama vilevile. Niliitazama mara ya tatu ndipo nikaelewa ninachokiona: mchezo una sheria, na sheria ile inamfunga hata baba. Mimi nimekulia mahali ambapo baba ndiye sheria. Kumwona baba mzima, anayeheshimiwa na mkewe na watoto wake, anatii kitoto cha miaka minne kwa sababu tu ndivyo mchezo ulivyo, kulifungua kitu ndani yangu.

Tukaanza nyumbani. Hatuna zailofoni, tuna kijiko na sufuria. "Baba, ganda!" Naganda, mkono ukiwa na kikombe, na wao wananizunguka wanacheka mpaka wanakaa chini. Heshima yangu haikupungua hata chembe. Mdogo ndiye sasa anayekimbilia mlangoni kunipokea begi.

Kilichonisaidia zaidi ni kuwa hawa wazazi wa kwenye katuni wanachoka. Ipo sehemu ambayo Bandit na Chilli wameamkia uchovu wa sherehe ya mwaka mpya, wamejilaza, na watoto hawana habari hiyo: baba anafanywa mashua na mama anafanywa nyangumi. Ipo nyingine ambayo Chilli anaomba dakika 20 tu asisogelewe na mtu yeyote. Mke wangu alipoiona hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe wanajua." Na ipo ya hospitali, ambapo baba ndiye mgonjwa na watoto ndio watabibu. Hiyo kwetu imekuwa dawa. Mimi nahudumia wazee kwenye makao, usiku kucha nageuza, nalisha, naandika ripoti. Nikirudi saa mbili asubuhi siwezi kukimbia, lakini mgonjwa naweza kuwa. Nalala kwenye zulia, napimwa. Siku moja mkubwa aliniinamia, akanishika bega, akauliza taratibu, "Umelala vizuri, mzee? Unataka maji?" Ni maneno yangu, kwa sauti yangu. Nilishamwambia ninavyowauliza wale wazee kazini, naye alikuwa ameyaweka.

Upande wa mke wangu, iliyompata ni ile Chilli anayosimulia Bluey alivyojifunza kutembea. Anajilinganisha na mama mwingine ambaye mtoto wake anatangulia kila hatua, anajiona hafai, mpaka mama mwenye watoto wengi anakuja, anakaa naye jikoni, anamwambia anafanya vizuri sana. Mke wangu alilia pale kochini, watoto wakamtazama kwa mshangao. Uzazi wetu wa kwanza ulikuwa hapa. Hakukuwa na mama wa kumkanda maji ya moto, hakuna aliyemletea mtori, ndizi zenyewe nilizitafuta nusu siku. Mtu wa kuja kukaa jikoni na kusema lile neno moja hakuwepo. Amelisikia miaka mitano baadaye kutoka kwa mbwa wa kuchorwa, na lilimfikia.

Siwezi kumaliza bila kutaja muziki. Mtunzi wake ni Joff Bush, na kila sehemu inapewa muziki wake. Ile ya Bingo kuota anaelea kati ya sayari, akitaka kuamka kwenye kitanda chake mwenyewe kama mtoto mkubwa, inatumia muziki wa Gustav Holst kuhusu sayari ya Mshtarii. Huku nyuma baba na mama wanahamishwa kitanda hadi kitanda usiku kucha, kama tunavyohamishwa sote. Maneno ni machache mno. Izimeni taa mkiitazama.

Na kuna ile ya kambi. Bluey anakutana na mtoto anayeitwa Jean-Luc, anayesema Kifaransa tu. Hawaelewani neno, na wanacheza siku nzima, wanajenga, wanapanda mbegu. Ilipokwisha, mkubwa wangu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini kukisema kunamtia haya, aliniuliza: "Kwa hiyo na mimi naweza kucheza na babu?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia ndiyo, anaweza, na usiku ule kazini swali lilikuwa limenikaa kifuani.

Kasoro? Zipo. Bandit ana muda usio wa kawaida. Mzazi mwenye kazi mbili akimtazama siku nzima anaweza kujiona mkosaji, na mimi nilijiona hivyo mwezi wa kwanza. Ushauri wangu ni kuchukua mchezo mmoja na dakika kumi. Mengine mwachie yeye. Pia watoto wale wanawaamrisha wazazi wao kwa namna ambayo wazee wengi wa kwetu wataikunjia uso. Kwetu tumeweka utaratibu: shikamoo kwanza, mchezo baadaye. Vitu vyenye picha za Bluey vimejaa madukani na bei yake si ya mchezo; jiandae kukataa. Lugha ni Kiingereza cha Australia, chenye misemo ya huku ambayo mtoto ataileta mezani.

Lakini mahali tulipokosana kweli ni ile sehemu ndefu ya Aprili 2024, dakika 28. Bandit amepata kazi mji mwingine, nyumba inauzwa, kibao kimesimikwa mbele ya uwanja, Bluey hataki kuondoka. Tuliitazama wote wanne kwenye kochi moja. Mwishoni Bandit anakwenda, anaking'oa kibao kile kwa mikono yake, wanabaki. Watoto wangu walishangilia. Mimi na mke wangu hatukutazamana. Sisi hatukung'oa. Sisi tulifunga masanduku, tukaagwa na nusu ya mtaa, tukaja. Nilitamani katuni inayowajua watoto hivi iwaonyeshe pia familia iliyoondoka na bado ikawa familia. Nawaheshimu waliotengeneza, na ndiyo maana nasema: hapo walitupita.

Kwa upatikanaji, hapa Australia unaitazama bure kupitia ABC. Nje ya hapa iko Disney+. Kwa umri, binti yangu mdogo aliianza hata miaka mitatu hajafika na alifuata bila shida, na mkubwa wa miaka 7 bado haijamchosha. Ningeipa nyota tano. Kwa ajili ya kibao kile natoa nne na nusu.

Nimalizie na la Jumapili iliyopita. Tuliwapigia simu ya video wazee wa Arusha, hapa saa kumi na moja jioni, kule saa nne asubuhi. Baba yangu yuko barazani na shati lake la kanisani. Siku hizi haongei sana. Watoto wakamwamkia, akawaitikia, kukawa kimya kile cha kawaida. Ghafla mdogo akachukua kijiko, akagonga sufuria mbele ya kamera, akapiga kelele: "Babu, ganda!"

Picha ikasimama. Baba mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Nikajua intaneti imekwama tena, nikanyoosha kidole nikate nipige upya. Mkubwa akanishika mkono. "Ngoja, Baba. Tazama nyuma."

Nyuma ya bega lake kuku alikuwa anatembea.